Kadi ya Mjane wa Koplo Zakaria

Hallonbergen, Stockholm, Jumapili

Baba,

Sasa ni saa nane mchana, saa uliyokuwa ukimpigia Mama simu kila Jumapili. Nimekaa kwenye kiti chako karibu na dirisha. Simu iko mezani na sitaigusa, kwa sababu Mama ameniomba nisimpigie tena saa hii. Nipige siku yoyote, saa yoyote, ila si Jumapili saa nane. Sikumuuliza kwa nini. Ninajua, na ndiyo maana nakuandikia. Kuna jambo nimelifanya juu ya jina lako, na wewe huna tena namna ya kunigombeza.

Mengine humu unayajua kuliko mimi. Nayaandika hivyo hivyo, maana hakuna karatasi yoyote duniani iliyoyaandika kama yalivyokuwa.

Ulianguka mwezi wa pili, sufuria ya maharage ikiwa bado motoni. Nilipotoka kazini niliona moshi kwanza, ndipo nikakuona wewe. Tulisubiri wiki tatu kukuzika, kama wanavyofanya huku. Siku yenyewe theluji ilikuwa imefika magotini. Mchungaji alisimama akasema, "Tunamsindikiza mpendwa wetu, Mwalimu Eliya." Watu wote wakaitikia amina. Mimi sikuitikia, Baba. Nilikuwa natazama jeneza nikisema moyoni, Zakaria, Zakaria, nikiogopa kwamba wewe mwenyewe utasahau.

Walikuja wanafunzi wako wa Tensta, wengine sasa ni watu wazima wenye watoto. Mmoja wao, binti wa Kikongo, alisimama akasema kwamba bila Mwalimu Eliya asingeweza kuongea na bibi yake. Nililia, halafu nikacheka peke yangu, watu wakadhani ni uchungu. Nilikuwa nimekukumbuka na daftari lako. Ulikuwa dereva wa malori, hujawahi kushika chaki. Lakini kitambulisho cha kaka yako Eliya kilisema mwalimu, basi ofisi ya kazi ikakupeleka shuleni Tensta ukawafundishe watoto Kiswahili, lugha ya nyumbani kwao. Ukaja kuniuliza mimi, mtoto wa miaka kumi na mitatu: "Dafroza, hivi ngeli ni kitu gani?" Tulicheka mpaka ukashika nyonga yako mbovu. Lakini ulijifunza. Miaka kumi na miwili uliwafundisha, na hakuna aliyewahi kushuku.

Wewe ulikuwa Koplo Zakaria, dereva wa jeshi, Bujumbura. Lori lako lilikanyaga bomu barabarani, nyonga ikavunjika, ukapewa barua ya kustaafu kwa heshima. Ungekaa nyumbani Buyenzi na mkeo mkalee mtoto. Lakini kabla ya ajali uliona jambo kwenye safari moja, ukakataa kutia sahihi ripoti iliyosema hukuliona. Wakaanza kuja watu nyumbani kukuulizia. Hukuwahi kuniambia uliona nini. Niliuliza mara moja, ukaniambia, "Kula mwanangu, chakula kinapoa."

Tukatoka. Mama akabaki, kwa sababu bibi alikuwa hawezi hata kujigeuza kitandani, na mtu hamwachi mama yake hivyo. Mpango ulikuwa atufuate ndani ya mwaka. Njiani wakimbizi wenzetu wakakutisha: Wazungu wakisikia askari, wanafunga mlango. Ndipo ukachukua kitambulisho cha kaka yako, marehemu Eliya, mwalimu, mgane aliyefiwa na mke bila mtoto.

Kwenye ndege ulinishika mkono ukanihoji. "Baba yako anaitwa nani?" Eliya. "Anafanya kazi gani?" Mwalimu. "Tena." Eliya, mwalimu. "Tena." Nilikuwa na miaka kumi na moja, nikajiona mwerevu sana.

Yule mwanamke wa uhamiaji aliyetuhoji Stockholm alikuwa mpole. Alinipa juisi. Akamwambia mkalimani aniulize mama yangu anaitwa nani. Nikajibu haraka, "Perpetua!" Nilifurahi kwa sababu hilo nililijua bila kufundishwa. Halafu nikaona uso wako. Ulikuwa umenifundisha jina lako jipya, ukasahau kunifundisha jipya la Mama.

Akakugeukia. "Na huyu Perpetua yuko wapi?"

Ulitazama mezani. Kitambulisho kilikuwa mbele yake, kimesema umefiwa. Ukasema, "Amefariki."

Kalamu ikaandika, basi. Kuanzia siku ile Mama hakuweza kutufuata, hakuweza hata kuja kututembelea. Nani angempa viza mtu aliyekufa? Ulimweleza kwa simu, kwenye kibanda cha simu pale kituoni. Nilikuwa nimesimama pembeni yako. Ulieleza kwa muda mrefu, kisha nikasikia sauti yake ndogo ikitoka kwenye mkono wa simu: "Basi, Zaka. Mtunze mtoto."

Amani ilipokuja nyumbani, serikali ikafungua ofisi ya wastaafu wa jeshi, majeruhi na wajane. Mama akasikia redioni, akafurahi. Kwa askari aliyeumia kazini kulikuwa na pensheni, na kadi ya matibabu katika hospitali ya jeshi kwake na kwa mkewe. Ulichotakiwa ni kutia sahihi kwenye karatasi kwamba uko hai, kwa jina lako. Mama alikuomba kila mwaka. Nilikuwa nasikia majibu yako, kwa sababu ulidhani nimezama kwenye vitabu. "Mwakani, Perpetua. Acha Dafroza apate uraia kwanza." Nikapata. "Acha amalize chuo." Nikamaliza. "Acha apate kazi ya kudumu." Nikapata, Baba. Nilipata kila kitu ulichosema tukisubiri. Kisha ukaanguka jikoni.

Wiki ya saba baada ya mazishi Mama akaanza kuvimba miguu. Akasema ni uchovu wa msiba. Nilimuuliza maswali machache tu kwenye simu nikajua. Mimi ninafanya kazi na watu wa figo, wewe unajua. Kila asubuhi napanda treni hadi hospitali ya Flemingsberg, natandika viti, napima uzito, nakaa na wagonjwa masaa manne huku mashine inasafisha damu yao. Kuna mzee mmoja hulalamika kila mara kwamba kahawa imepoa. Nilikuwa nampenda yule mzee. Mwezi ule nilitaka kummwagia ile kahawa. Mashine kumi na mbili chumba kimoja, na mama yangu hana hata moja.

Nyumbani mashine zilikuwa chache mno, na zile nzima zilikuwa hospitali ya jeshi: wanajeshi kwanza, jamaa zao wa pili, na watu wengine wanasubiri wakisubiriana kufa. Nilisema nitalipa. Nilimwambia daktari kwa simu, nitalipa chochote. Akanijibu kwa adabu, "Dada, tatizo si pesa. Tatizo ni orodha."

Rafiki yako Anselmi, yule sajini mliyekuwa naye garini siku ya bomu, ndiye aliyemshika Mama mkono mpaka ofisi ya wastaafu. Alinisimulia yote. Karani alifungua kabati akatoa faili lako. Lipo, Baba! Jina lako lipo, lori lipo, nyonga ipo. Mke: Perpetua. Mtoto: Dafroza. Mama aliliwekea kiganja juu, akakaa hivyo, karani akimsubiri. Halafu karani akamwambia, "Mama, haki yako yote iko humu. Pensheni ya mjane, matibabu, hata siku yako ya kuzikwa jeshi litaleta turubai na watu wa kubeba. Niletee cheti cha kifo cha mzee, wiki ijayo uko kwenye mashine."

Nilicheka kwa furaha kama mwehu. Cheti ninacho! Nikapeleka kwa mfasiri, kikatafsiriwa Kifaransa, kikapigwa muhuri, nikakituma kwa mtu aliyekuwa anasafiri. Sikujiuliza kitu. Miaka kumi na mitano nimeishi na majina yako mawili mpaka nikasahau kwamba dunia haijui ni mtu mmoja.

Karani akakisoma. Akasema, "Huyu ni Eliya." Anselmi akasema ni yeye yule. Karani akatazama tena, akaulizia tarafani kwa simu. "Huyu ni kaka yake. Na huyu tayari tarafani kwao ameandikwa amekufa zamani." Akamrudishia Mama karatasi kwa mikono miwili. Eliya alikuwa amekufa mara mbili, na Zakaria alikuwa hajafa bado.

Nikasema nitavunja mlango wa upande wa huku. Nilichukua ruhusa kazini nikaenda ofisi ya kodi, ambayo huku ndiyo inashika daftari la waliozaliwa na waliokufa. Nilihudumiwa na mwanamke mwenye mafua, kila mara anafuta pua. Nilimwambia kila kitu kwa Kiswidi, haraka, bila kupumua, kama mtu anayetapika. Alivua miwani.

"Tangu lini unajua kwamba hilo halikuwa jina lake?"

"Siku zote."

Hakunikaripia. Alisema uraia wangu, kwa anavyojua yeye, hautaguswa. Lakini kumbadilishia jina mtu aliyekwisha kufa kunataka ushahidi: alama za vidole kutoka jeshini, nyaraka kupitia ubalozi, idara ya uhamiaji kufungua faili lako upya.

"Itachukua muda gani?"

"Mwaka. Pengine zaidi. Na huenda jibu likawa hapana."

Mama alikuwa na wiki chache tu. Nilijua kwa kumsikia anavyohema. Nilichukua zile fomu nikatoka. Nilikaa kwenye benchi la kituo, treni tatu zikapita, sikupanda.

Anselmi ndiye aliyeleta njia ya tatu. Laiti asingeileta. Laiti ungekuwepo umkatalie. Alisema mahakama inaweza kutamka kwamba mtu aliyepotea zaidi ya miaka kumi amekufa, na cheti hicho ofisi ya wastaafu inakikubali bila kuuliza zaidi. Wanatakiwa mashahidi wawili: mke, na mtu aliyefanya naye kazi. Waape kwamba tangu aondoke hajaonekana wala kusikika.

Nilimpigia Mama. Nilimweleza taratibu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Dafroza," akasema. "Baba yako alinipigia kila Jumapili. Mvua, vita, maradhi, alinipigia. Nisimame mbele ya hakimu niseme sikuwahi kumsikia?"

Nikasema ni maneno tu, Mama.

"Huko waliandika nimekufa, nikanyamaza. Sasa na mimi nimwandikishe amepotea? Tutabaki na nini sisi wawili?"

Baba, nilimpigia kelele. Mama yangu mgonjwa, asiyeweza kulala chali kwa maji yaliyojaa mwilini. Nilimwambia atabaki na uhai. Nilimwambia wewe ulikuwa na miaka yote ile ya kumaliza jambo hili kwa sahihi moja na hukuitia. Nilimwambia mtu aliyemwita mkewe marehemu angali hai hana haki ya kulindwa. Nilisema hivyo. Niliyasema nikiwa nimesimama jikoni, pale pale nilipokukuta.

Alisubiri nimalize. Kisha akasema, "Nitaapa. Lakini ujue, mimi sikutaka."

Hata hapo sikumwacha. Anselmi alisema huenda mahakama ikatuma mtu nyumbani kuuliza majirani. Basi nikamwamuru atoe picha yako ukutani, ile uliyopiga kwenye kituo cha Hallonbergen, umesimama mbele ya ukuta uliochorwa michoro ya watoto, umeweka kidole kwenye jua lenye miguu. Mama alikuwa ameitundika mahali anapoiona akiamka. Nikamwambia na barua zote, na kadi za Krismasi, na ile skafu yenye lebo ya Kiswidi.

"Niziweke wapi?"

"Choma, Mama."

Akaniaga. Sijui kama alizichoma. Sijathubutu kuuliza.

Siku ya mahakama ilikuwa Jumanne. Nilikuwa kazini, nimevaa glavu, simu iko mfukoni kinyume cha sheria. Anselmi alinisimulia jioni, na sauti yake haikuwa nzuri. Alisema yeye aliapa kwanza, ikapita. Mama akaletewa kiti kwa sababu ya miguu. Hakimu alikuwa mtu mzima, hana haraka.

"Hakukuandikia hata barua moja?"

"Hapana."

"Hakutuma mtu akuletee salamu?"

"Hapana."

"Hakukupigia simu?"

Anselmi alisema pale Mama alikaa kimya mpaka karani wa mahakama akainua kichwa. Hakimu akarudia swali. Mama akasema, "Hakunipigia." Halafu, bila kuulizwa, akaongeza: "Alikuwa mtu mwema, Mheshimiwa. Angekuwa hai, angenipigia."

Hakimu aliandika hayo pia.

Siku kumi na moja baadaye kadi ikatoka. Anselmi alinitumia picha yake. Jina la Mama, picha yake, uso umevimba hata mtu hamtambui, na chini yake: Mjane wa Koplo Zakaria. Baba, ni karatasi ya kwanza ya serikali yoyote kusema kwamba Mama yuko hai na wewe ulikuwa mumewe. Nilitaka nifurahi. Niliitazama kwenye treni kutoka Flemingsberg mpaka Stockholm nikijilazimisha nifurahi.

Sasa anasafishwa damu Jumanne na Ijumaa. Uvimbe umepungua. Anatembea hadi mlangoni. Anakula wali kidogo, na samaki nikimbembeleza, bila chumvi. Ukiniuliza kama anaishi, nitakujibu anaishi. Lakini hakutaji, Baba. Hata mara moja tangu siku ile. Zamani tukiongea kila kitu kilikuwa Zaka alisema, Zaka hapendi, mwulize Zaka. Sasa nikisema "Baba," ananiuliza hali ya hewa ya huku. Majirani wakimpa pole kwa mumewe aliyepotea, anawashukuru. Nilimtoa Mama mautini nikamfanya akuzike kwa mara ya pili, na safari hii kwa mdomo wake mwenyewe.

Na kuna la jiwe. Mama Njoki, yule Mkenya wa kanisani aliyekuwa anakuletea sukuma wiki alizopanda kwenye kibustani chake, alikuja wiki iliyopita. Akaketi, akanishika goti. "Dafroza mwanangu, tumechanga sote, jiwe la Mwalimu litakuwa tayari kabla ardhi haijaganda. Tuandike Mwalimu Eliya tu, ama kuna majina mengine?"

Zile fomu za ofisi ya kodi zilikuwa kwenye droo, nimezijaza zote, zimebaki kutiwa sahihi. Nilikuwa nimepanga kuzipeleka hata kama itachukua miaka mitano, ili siku moja jina lako liwe juu yako. Lakini mahakama imesema Zakaria alipotea, hakuonekana wala kusikika. Sasa Zakaria huyo huyo aonekane Stockholm, chini ya jiwe, na mwaka aliokufa umeandikwa? Kanisani kuna watu wa kwetu, wanapiga picha, wanaweka kwenye mtandao. Ingemfikia nani? Ingetosha mtu mmoja. Kadi ingechukuliwa, mashine ingechukuliwa, na Mama angeitwa aliyedanganya mahakama.

Nikamwambia, "Mwalimu Eliya inatosha."

"Hata jina la ukoo tusiandike?"

"Inatosha, Mama Njoki."

Alinikumbatia. Alipoondoka nilizichana zile fomu, vipande vidogo vidogo, nikaendelea kuchana hata palipokuwa hapachaniki tena.

Nimejaribu kukusamehe na sijaweza bado. Halafu najiuliza wewe utanisamehe vipi. Wewe ulisema neno moja kwa kuogopa, mbele ya mgeni, mtoto wako akiwa amekaa pembeni anakunywa juisi. Mimi nilikuwa na wiki kadhaa za kufikiri. Nilijua nafanya nini, nikamsukuma mgonjwa akaenda kulifanya. Kazini wananiambia nimekonda. Yule mzee wa kahawa aliniuliza juzi kama nina mtu wa kuongea naye. Nikamwambia ninaye. Nilikuwa nakufikiria wewe.

Nikuage sasa, Baba, jua la huku limekwisha kuzama, mwezi huu lina haraka. Nitakuahidi jambo moja. Siku Mama atakapokuwa haihitaji tena ile mashine, hakutakuwa na mtu wa kumlinda zaidi yangu, na mimi sitajilinda. Nitarudi kwenye ofisi ile, nitasema yote tena, taratibu, mpaka waandike. Nitaliondoa jiwe la Mwalimu Eliya niweke lenye majina yenu mawili, wewe na Perpetua mkeo, na nitasimama mbele ya kanisa zima niwaambie ulikuwa nani.

Lakini unaelewa siku hiyo itakuwa siku gani. Kwa hiyo lala na jina la kaka yako kwa sasa, na usinihimize. Kila Jumanne na kila Ijumaa ninaomba nichelewe kutimiza ahadi hii, nichelewe sana, nizeeke kabla sijaitimiza.

Mwanao, ambaye kwenye karatasi za kwetu ni mtoto wa mtu aliyepotea,

Dafroza